Uzi wa sabuni ya zeituni tupu (Kastilia): kuichanganya siku moja, kuikomaza mwaka

Mwanazeituni (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu wakuu. Kwenye nyuzi nyingi za sabuni naona watu wanaiponda sabuni ya zeituni tupu: haina povu, inateleza, inaacha ute mikononi, inaisha upesi. Ukiuliza ilikuwa na umri gani ilipotumika, unaambiwa wiki nne. Wiki nne ni umri wa sabuni nyingine. Ya zeituni bado mbichi hapo, na kuihukumu katika umri huo ni kuionea. Ninaipenda sabuni hii kuliko zote nizitengenezazo, kwa hiyo naweka hapa jinsi ninavyoifanya na kwa nini ninaisubiri. Mwenye neno aliseme.

Kipimo: mafuta ya zeituni gramu 1,000, kostiki soda gramu 128, maji yaliyokenekwa gramu 256. Basi.

Hiyo 128 imetoka wapi? Kila gramu ya mafuta ya zeituni inahitaji takriban gramu 0.135 za kostiki ili yote igeuke sabuni. Gramu 1,000 zinahitaji 135. Ninapunguza asilimia 5, zinabaki 128, ili mafuta kidogo yabaki bila kuguswa. Hayo ni kinga ya ngozi, na pia ni kinga ya tofauti ndogondogo za mizani, maana mafuta hayalingani chupa kwa chupa. Pimeni kila kitu kwa gramu, hata maji. Vikombe na vijiko ni vya chai.

Maji ndiyo sehemu ambayo wengi hawaitilii maanani. Vipimo vingi vinataja maji asilimia 38 ya mafuta, yaani gramu 380 kwa kilo. Sabuni itatoka, lakini kwa zeituni tupu unajiongezea kazi. Ukitia 380, robo ya uzito wa sabuni mbichi ni maji. Ukitia 256 ni chini kidogo ya moja ya tano. Maji hayo yote yanapaswa kutoka hatimaye, na kutoka hayana haraka. Ila msishuke chini ya uzito wa kostiki yenyewe, kwani haitayeyuka yote na chembe zitabaki ndani ya sabuni.

Usalama sitaurefusha, lakini hauna mjadala. Kostiki inaingia kwenye maji. Maji hayamiminwi juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kuruka. Miwani ya kujikinga, glavu, mikono mirefu, dirisha wazi, watoto na wanyama nje. Mchanganyiko unapanda joto wenyewe hadi kukaribia kuchemka, na mvuke wake usiuvute. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu inayostahimili joto. Sufuria ya alumini hapana kabisa: kostiki inaila na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Ikikurukia ngozini, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Siki usiipake juu ya ngozi iliyoungua, iache kwa ajili ya kufutia meza.

Nikishapoza maji ya kostiki na mafuta hadi nyuzi 35 au 40 hivi, namimina kostiki kwenye mafuta na kuchanganya kwa blenda ya mkono, nikiiwasha kidogo na kuizima, nikikoroga katikati. Mchanganyiko ukishika na kuwa mzito, nikiinua blenda matone yanayodondoka yanaacha mchirizi juu unaokaa kidogo kabla ya kuzama. Hapo namimina kwenye kalibu, nafunika, naacha.

Kazi ya siku imekwisha. Ya mwaka inaanza.

---

MamaPacha

Asante sana kwa uzi, dada Mwanazeituni. Swali langu: mimi nakoroga kwa mwiko na nimekaa saa nzima haijashika. Nimekosea kipimo?

---

Mwanazeituni

Hapana mama, kipimo chako huenda kiko sawa. Mafuta ya zeituni ni mazito kuanza. Kwa mwiko unaweza kukoroga saa kadhaa, na zamani ndivyo watu walivyofanya. Ya mkamuo wa kwanza huchelewa zaidi. Yale ya makapi ya zeituni, yanayotolewa kwenye mabaki baada ya kukamua, hushika upesi kiasi cha kukushangaza. Koroga dakika kadhaa, pumzika, rudi. Kupumzika hakuharibu kitu.

Angalia jambo moja tu: mafuta yakiwa ya baridi mno yanaweza kuganda na kuonekana yameshika kumbe bado. Ukiyapasha kidogo yanarudi kuwa maji. Uzito wa kweli haurudi nyuma.

---

Fundi_Mche

Mimi natengeneza sabuni muda mrefu na nitapinga kidogo, kwa heshima. Hii habari ya miezi sita au mwaka naiona imekuzwa. Kostiki inamaliza kazi yake ndani ya siku moja hadi tatu. Baada ya hapo ni sabuni. Ukiionja kwa ncha ya ulimi na haikuchomi, ioge. Kusubiri mwaka ni kungojea nini?

---

Mwanazeituni

Mkuu Fundi, nusu ya kwanza umesema kweli tupu, na nashukuru umeiweka wazi kwa sababu wengi wanaamini kinyume chake. Wanadhani tunasubiri kostiki "iishe". Kostiki iliyopimwa sawasawa imekwisha mapema. Sabuni ikikuchoma ulimi baada ya wiki mbili, mwaka hautaitibu. Kuna kosa la kipimo.

Ila tazama watu wa Aleppo kule Syria na Nablus kule Palestina. Hao sabuni yao wanaipika. Mafuta ya zeituni, maji na soda vinachemshwa kwenye pipa kubwa kwa siku kadhaa, na Aleppo wanaongeza mafuta ya mti wa laureli mwishoni. Ikitoka motoni ni sabuni kamili. Wanaimwaga sakafuni, inatandazwa, inakatwa ikiwa bado laini, kisha inapangwa minara mirefu yenye matundu ya kupitisha hewa. Kule Nablus minara ni ya mviringo, mche juu ya mche hadi juu karibu na dari. Halafu wanaiacha miezi. Ya Aleppo inaingia ikiwa kijani na inatoka nje ikiwa na rangi ya dhahabu iliyoiva, lakini uikate katikati ukutane na kijani kile kile ndani.

Kama kostiki ndiyo inayosubiriwa, wale waliokwisha kuipika wanasubiri nini? Wanasubiri maji yatoke na sabuni yenyewe ijipange. Ndilo jambo ninalotaka tulielewe hapa.

---

Kidoto_Maabara

Naomba niingilie hapo kwenye "ijipange", ni sehemu ninayoipenda.

Mafuta ya zeituni kwa sehemu kubwa ni asidi ya oleiki, mara nyingi kati ya asilimia 55 na 83. Ikikutana na kostiki inatoa oleati ya sodiamu, na hiyo ni sabuni inayoyeyuka kwa urahisi kwenye maji. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki kwa wingi, ndiyo inayoleta mapovu makubwa ya haraka. Zeituni karibu haina. Kwa hiyo povu la zeituni ni dogo, laini, zito kama losheni, na ukilitegemea liwe kama la nazi utasikitika bure.

Sasa ule mche ulioushika mkononi, hata ukionekana mgumu, ndani yake una sehemu mbili: fuwele za sabuni zilizoganda, na kati yake maji yaliyobeba sabuni iliyoyeyuka. Oleati inapenda kukaa kwenye hayo maji. Sabuni changa ikilowa, sehemu hiyo inavuta maji zaidi na kuwa ute wa kunyumbuka, unavutika kutoka kwenye mche hadi kidoleni kama ute wa yai. Maji yanapopungua mwezi hadi mwezi, sabuni nyingi zaidi inaganda na kujipanga. Mche unakuwa mgumu, unayeyuka polepole, na povu linakuwa zuri zaidi.

Ute hauishi kabisa, hata kwa sabuni ya mwaka, kwa sababu oleati haibadiliki kuwa kitu kingine. Unapungua.

---

Fundi_Mche

Nimekuelewa Kidoto. Hoja ya sabuni iliyopikwa nayo ni nzito, sikuwa nimeiangalia hivyo. Lakini mimi napima mizani. Mche wangu unaacha kupungua uzito baada ya miezi miwili au mitatu. Kama maji yametoka, kwa nini mwaka?

---

Mwanazeituni

Mizani inakueleza habari za maji, na kila mtu aipime kama wewe. Chukua mche mmoja wa kila mchanganyo, uandike uzito na tarehe siku ya kuukata, kisha kila wiki. Mwanzoni unashuka kwa kasi, baadaye unakwenda taratibu. Siku unapoona wiki inapita na namba haisogei, ujue hatua ya kwanza imefika. Kwa sabuni nyingine hapo unaweza kuishia.

Kwa zeituni fanya hivi: usibishane na mimi, ibishie sabuni yenyewe. Weka miche ya mchanganyo mmoja. Mmoja uutumie ukiwa na miezi miwili, wa pili miezi sita, wa tatu mwaka. Maji yale yale, mikono ile ile. Ule wa miezi miwili utasafisha, sikatai. Ukiulaza kwenye kisahani asubuhi utaukuta umeacha ute chini. Wa mwaka unaunawia, unauweka, unakauka juu ndani ya muda mfupi, na ukiugonga kwa ukucha unalia kama kigae. Povu lake unaweza kulisugua kiganjani likakaa.

Ninachokubali ni hiki: miezi sita ni kiwango changu cha chini, mwaka ni mapenzi. Mwenye kutumia nyumbani na hana sabuni nyingine, miezi mitatu haitamdhuru.

---

Bin_Zaituni07

Yangu ina siku ya tatu na bado inabonyea kwa kidole. Niitupe?

---

MamaPacha

Usitupe baba! Yangu ilibonyea karibu wiki nzima, sasa siwezi kuingiza kisu.

---

Mwanazeituni

MamaPacha amesema. Zeituni inaanza laini kuliko sabuni zote kisha inakuwa ngumu kuliko nyingi. Kama ulitia maji mengi, siku tano hadi saba ndani ya kalibu ni kawaida. Ukiona inashika ukingoni, iache bila kifuniko ipate hewa. Na usingoje hadi iwe jiwe ndipo ukate, itavunjika pembeni. Wakati mzuri ni pale kidole kinapoacha alama ndogo tu na kisu kinatoka safi.

Safari ijayo, yeyusha chumvi ya kawaida gramu 10 kwa kilo ya mafuta ndani ya maji kabla ya kutia kostiki. Inasaidia mche kushika upesi na kupunguza ute. Ukizidisha sana inakula povu, na povu la zeituni si la kuchezea.

---

Shangazi_Mapovu

Jamani, mimi nina familia inayopenda povu jingi. Naweza kuchanganya nazi na bado nikaiita Kastilia?

---

Kidoto_Maabara

Jina Kastilia limetoka Hispania, na kwa watengenezaji wengi linabaki kwa zeituni tupu. Kwa familia yako changanya zeituni gramu 850 na nazi gramu 150. Kostiki inabadilika, usitumie ile 128. Nazi inataka takriban 0.183 kwa gramu, kwa hiyo 850 × 0.135 ni 114.75, na 150 × 0.183 ni 27.45. Jumla 142.2, toa asilimia 5, inabaki gramu 135. Povu litaongezeka na huhitaji kusubiri sana, wiki nane zinatosha kuifurahia.

---

Mwanazeituni

Ni kipimo kizuri, na shangazi asione haya. Sema tu ni sabuni nyingine. Marseille nao waliwahi kulichukulia jambo hili kwa uzito: mwaka 1688 ilitoka amri ya kifalme ya Ufaransa kwamba sabuni yao itengenezwe kwa mafuta ya zeituni bila mafuta mengine. Na mwaka 2024 UNESCO iliziingiza ufundi wa sabuni ya Aleppo na ule wa sabuni ya Nablus kwenye orodha ya urithi usioshikika. Nilifurahi sana kuona kazi ya mikono ya watu wa sabuni inaheshimiwa namna hiyo.

---

Tulizo_la_Ngozi

Nimesoma mahali kwamba sabuni hii ikikomaa mwaka pH yake (kipimo cha asidi na alikali) inashuka hadi 7, kwa hiyo haiwashi hata macho ya mtoto. Ni kweli?

---

Kidoto_Maabara

Si kweli, na naomba tusilisambaze. Sabuni ya mafuta na kostiki inakaa pH 9 hadi 10 na ushee. Ukiishusha hadi 7 inaacha kuwa sabuni. Inavunjika na kurudi kuwa asidi za mafuta zinazoelea. Upole wa zeituni unatokana na aina ya sabuni yenyewe, haitoi mafuta ya ngozi kwa ukali kama ya nazi nyingi, na gliserini yote imebaki ndani. Machoni itawasha kama sabuni nyingine. Kuiongezea mafuta ya ziada hakushushi pH kwa maana yoyote ya kuhesabika.

---

Mpenda_Asili

Na ile Kastilia ya maji ya kwenye chupa? Nikikwangua mche wangu nikauyeyusha nitapata hiyo?

---

Mwanazeituni

Utapata uji wa ute, utakaojitenga ukipoa. Ya chupa inatengenezwa kwa potashi ya kostiki, haidroksidi ya potasiamu, ambayo kwa zeituni ni takriban 0.19 kwa gramu, na mara nyingi ina nazi ndani. Ni kazi tofauti, inastahili uzi wake.

---

Fundi_Mche

Narudi na swali la kweli sasa, si ubishi. Ukikaa na sabuni mwaka, huogopi mafuta kuchacha? Mimi nimeona miche ya watu yenye madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani.

---

Mwanazeituni

Hilo ndilo swali bora la uzi huu.

Zeituni ina bahati hapo. Asidi ya oleiki inastahimili hewa kuliko linoleiki iliyojaa kwenye mafuta ya alizeti ya kawaida au ya soya. Ndiyo maana sabuni ya zeituni inaweza kungojewa mwaka, na ya alizeti ningeitumia mapema. Lakini usiichokoze. Tumia mafuta mapya, yaliyokaa gizani, yasiyo na harufu ya kuchacha tangu mwanzo. Mafuta ya ziada yasizidi asilimia 5, maana yale yasiyoguswa na kostiki ndiyo yanayochacha kwanza. Wanaoweka 10 ili iwe "laini kwa ngozi" kisha wakaikomaza mwaka wanajitafutia madoa. Maji yasiwe ya bomba yenye chuma au shaba, ndiyo sababu nasisitiza yaliyokenekwa. Na kamwe usipange miche juu ya waya wa chuma tupu, madoa yanaanzia palipogusa. Mbao, mwanzi, au karatasi isiyo na wino.

Mahali pa kukomazia pawe pakavu, pana hewa inayopita, jua lisifike. Acha nafasi ya kidole kati ya mche na mche, na wiki za mwanzo igeuze mara kwa mara ili upande wa chini nao upumue. Hewa ikiwa na unyevu mwingi utaona miche inatoa jasho. Hiyo ni gliserini inavuta maji, feni ndogo inasaidia. Boksi la plastiki lenye mfuniko ni adui, maji yatakwenda wapi?

Ule unga mweupe unaotokea juu siku za mwanzo si ukungu wa kuoza. Ni soda iliyokutana na hewa ya kaboni dioksidi. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu au uuache, mnawo wa kwanza utauondoa.

---

Bin_Zaituni07

Leo imekatika safi, kisu kimetoka bila kushika. Nimeipanga kwenye mbao. Sasa naandika nini kwenye kila safu? Nina mchanganyo wa pili unakuja, nahofia kuchanganya.

---

Fundi_Mche

Kijana, andika tarehe ya kukata, aina ya mafuta, kiasi cha maji na asilimia ya mafuta ya ziada. Uzito wa mche mmoja wa kupimia, huo uchore alama ndogo kwa sindano upande wa chini ili uwe ule ule kila wiki. Mimi nimeanza leo na miche yangu mitatu kama alivyosema Mwanazeituni. Nitaleta majibu hapa ya miezi miwili kwanza.

---

Mwanazeituni

Safi mkuu. Ukileta majibu, sema na maji ya kwako ni laini au magumu. Maji yenye chokaa nyingi yanakula povu na kuacha utando mweupe kwenye beseni, na mtu anaweza kudhani sabuni ndiyo mbovu. Na wote mnaoanza kutumia: kisahani kiwe na matundu, au tundika mche ndani ya kimfuko cha wavu, au usugue kwa dodoki badala ya kulowesha mche wenyewe. Zeituni ikilala kwenye maji inarudi ute hata ikiwa na umri wa miaka miwili.

---

MamaPacha

Nimetoboa kisahani changu sasa hivi. Dada, hilo dodoki ni likavu au lililoloweshwa kwanza?

---

Mwanazeituni

Lililoloweshwa na kukamuliwa, mama. Pitisha mche juu yake mara mbili tatu, urudishe mche mahali pakavu, kisha lisugue dodoki lenyewe hadi lijae povu.